Maswali yenu kwa fundi: koki zilizoganda na fitingi za chini ya maji

Barua za safari hii karibu zote zinaongelea kitu kimoja, yale matundu yaliyotobolewa makusudi kwenye tumbo la boti chini ya mstari wa maji, la kupozea injini, la choo, la sinki, ya kutolea maji ya dekini, pamoja na koki zinazoyalinda. Nimefurahi mno, manake hivi vitu vinakaa nyuma ya kabati na chini ya kitanda miaka nenda miaka rudi na hakuna anayeviangalia. Kwa wageni wa safu hii tuelewane majina kwanza. Fitingi ina kichwa kama cha uyoga kinachobaki nje ya boti na shina lenye meno linaloingia ndani, juu ya shina inakaa koki, na juu ya koki kuna mkia unaovalishwa hozi.

Swali: Fundi habari za kazi. Nimenunua boti ya matanga ya faibaglasi ya mwaka 1979, mita tisa na kidogo. Aliyeniuzia anasema fitingi zote za chini ni zilezile za kiwandani na hazijawahi kuvuja hata tone. Koki mbili hazigeuki kabisa lakini zingine zinageuka. Je nibadilishe zote au niache maadamu hazivuji?

Jibu: Hongera kwa boti, na ahsante kwa kuzitaja hizo mbili, manake jibu langu linaanzia hapohapo. Koki kazi yake ni kuzuia maji siku hozi inapopasuka au klipu inapokatika, isiyogeuka haiwezi hiyo kazi, kwa hiyo hizo mbili hata ziwe kavu kiasi gani zinatakiwa zitengenezwe au zitoke. Hesabu yake ni hii: tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya maji, hozi ikichomoka, linaingiza kati ya lita 140 na 230 kila dakika, inategemea ukingo wake ulivyo. Piga kwa ndoo za lita 20, ni ndoo saba mpaka kumi na moja kwa dakika moja, na we bado uko ndani unatafuta tochi. Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti, iliyoandikwa lita 7,500 kwa saa ni lita 125 kwa dakika, tena hiyo namba ni ya kiwandani, ikianza kusukuma maji juu kwenye hozi ndefu inashuka sana.

Sasa hizo zinazogeuka. Neno "hazijawahi kuvuja" naomba ulisahau kabisa, kwa sababu tatizo kubwa la fitingi za zamani halianzi kwa kuvuja, linaanza ndani ya chuma chenyewe. Kama ni bronzi halisi, yaani shaba iliyochanganywa hasa na bati, miaka arobaini na zaidi si kitu, nimeona za namna hiyo zikasafishwa zikarudi kazini. Kama ni brasi ya kawaida hapo ndo pana balaa. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, na zinki inaweza kufika asilimia 40 hivi, maji ya chumvi yanainyonya ile zinki taratibu yanabakiza shaba tupu yenye vitundu kama sifongo. Umbo halibadiliki, meno yanaonekana mazima, rangi kwa juu inafanana na ya jana, ila nguvu imeisha.

Niliwahi kutoa hozi kwenye boti moja iliyokuwa nchi kavu, koki yake ilikuwa bronzi safi kabisa, nikashika hozi kwa mkono mmoja nikaizungusha kidogo tu, sikutumia hata spana, ule mkia ukakatika ukabaki mkononi. Mahali ulipokatikia palikuwa pinki, kavu, unasugua kwa ukucha unga unadondoka. Ukingo wa nje tu, mwembamba kama karatasi nzito, ndo ulikuwa bado wa njano. Boti ile ilikuwa imetoka majini siku mbili nyuma. Kwa hiyo angalia kila kipande peke yake, manake watu wanafunga koki ya bronzi na mkia wa brasi na wanaita vyote bronzi. Jihadhari pia na ile wanayoiita manganizi bronzi, jina ni bronzi lakini ina zinki nyingi, kitabia ni brasi.

Namna ya kukagua: boti ikiwa nchi kavu, kwangua sehemu ndogo kwa ncha ya kisu mpaka uone chuma. Brasi nzima inang'aa njano, bronzi nzima ina udhahabu wa kahawia. Ukiona pinki iliyofifia isiyong'aa, hiyo imeliwa. Gonga kwa nyundo ndogo, nzima inalia, iliyoliwa inatoa mlio mfu. Halafu ishike koki uisukume huku na huku kwa nguvu ya mwili, ikicheza au ikivunjika ni heri imevunjika hapo. Ukijani wa juu usikutishe wenyewe, bronzi yote inaota ukijani, ila ukiona michirizi ya kijani yenye chumvichumvi inashuka kutoka kwenye maungio ujue maji yanapenya.

Na usidhani boti changa zimepona. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9093-1 cha mwaka 1994, kilichotumika Ulaya, kilikuwa kinataka fitingi za chuma zidumu miaka mitano bila kasoro, mitano tu, kwa hiyo viwanda vingi viliweka brasi na hawakuvunja kanuni yoyote. Kuna boti ya 1979 ina fitingi bora kuliko ya 2005.

Swali: Shikamoo fundi. Koki ya choo imegoma, nimefikiria kuvalisha bomba refu kwenye mpini nipate nguvu ya kuigeuza. Boti iko majini. Ni sawa?

Jibu: Marahaba. Hapana, tena nakuomba sana usiiguse kwa bomba boti ikiwa majini. Mpini ukikatika una bahati, shina likikatika umejifungulia bahari mwenyewe. Subiri mpaka boti ipande nchi kavu.

Ikishapanda, kwanza ijue ni koki ya aina gani. Kama ni ya koni, yaani kipande chenye umbo la koni kinachozunguka ndani ya tundu la umbo hilohilo, hiyo ni rafiki yako, inafunguka yote. Legeza nati, gonga koni taratibu kwa upande mwembamba na kipande cha mbao katikati, itatoka. Isafishe, paka dawa ya kusagia valvu za injini, irudishe uizungushe nusu mzunguko huku na huku, itoe uangalie, endelea mpaka uone mkanda wa kijivu unaolingana pande zote bila doa linalong'aa peke yake. Halafu ioshe kabisakabisa, chembe ya ile dawa ikibaki itaendelea kusaga kila ukigeuza mpini. Grisi nzito isiyooshwa na maji, rudisha, kaza nati mpaka koki igeuke kwa mkono uliokaza. Ukikaza zaidi ya hapo ndo unaitafutia kuganda tena. Hii kazi fanya kila boti inapopanda, na nakwambia kweli ni kazi tamu, unaingia na koki iliyokufa unatoka na koki inayogeuka kama mpya.

Kama ni bolu valvu, yaani yenye tufe lililotobolewa linalozunguka ndani, nyingi hazifunguki ukazitoa vipande. Mwagia maji ya moto mwili wake kama ni wa chuma, tia mafuta ya kupenyeza kutoka upande wa nje kupitia kwenye uyoga, acha usiku kucha, kesho yake igeuze kidogokidogo mbele na nyuma bila hasira. Ikikubali, igeuze mara nyingi, halafu paka grisi kwa brashi ndefu kupitia tundu la nje, koki ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Baada ya hapo igeuze kila mwezi, bolu valvu nyingi zinaganda kwa kuachwa tu. Na kama boti inakaa mahali penye barafu, kumbuka koki ikifungwa maji yanabaki ndani ya lile tufe na yakiganda yanapasua mwili wake, kwa hiyo zile zenye kiparafujo cha kumwagia maji kifungue.

Kama ni geti valvu, ya gurudumu la kuzungusha kama ya mabomba ya nyumba, usipoteze muda. Huwezi kujua kwa macho kama imefunga au imefungua, nyingi ni brasi, na mti wake wa ndani ukiliwa gurudumu linazunguka na geti limebaki palepale. Toa weka nyingine.

Swali: Kaka fundi, nimeamua kubadilisha mwenyewe fitingi tatu. Nimenunua bolu valvu nzuri nzito duka la mabomba ya majumbani, inaingia kwenye shina la fitingi mizunguko miwili na nusu inakaza. Nikaze zaidi kwa spana? Na hii fitingi ya zamani inatokaje jamani, nati imegoma.

Jibu: Dada usikaze, na umefanya vizuri sana kuhesabu mizunguko, wengi hawahesabu. Shina la fitingi lina meno yaliyonyooka, unene ni uleule kutoka mwanzo mpaka mwisho, lakini valvu nyingi za mabomba zina meno ya kubana, yanayopungua upana kadiri unavyoingia. Yakikutana yanashikana meno mawili matatu basi, yanabana, unadhani imekaza kumbe boti nzima imening'inia kwenye hayo meno mawili. Ukikaza kwa spana unayakata au unapasua valvu.

Unachotaka ni koki ya boti yenye kitako, ile yenye bapa la chini lenye matundu ya bolti, meno yake ya ndani yamenyooka kama ya shina. Kitako kinafungwa kwenye kibao, kibao kimeshikana na boti, kwa hiyo mtu akikanyaga koki au sanduku la vifaa likiiangukia mawimbini, mzigo unaenda kwenye mwili wa boti, shina halibebi kitu. Kiwango cha ABYC, baraza la boti la Marekani, ile H-27, kinataka koki ikishafungwa ihimili pauni 500, karibu kilo 227, kwa sekunde 30 na bado izuie maji. Valvu iliyosimama juu ya shina peke yake mara nyingi haifiki hapo.

Sasa kutoa ya zamani. Kata hozi kwa kisu kwa urefu wake usihangaike kuivuta, hozi ya zamani unaitupa hata hivyo. Nati ikigoma usipigane nayo kwenye kona ambayo hata mkono hauzunguki, toka nje na grainda. Zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kwenye rangi pembeni, saga kile kichwa cha uyoga mpaka kiishe, kibaki kipete chembamba kinachojichomokea, halafu gonga shina kuingia ndani kwa kipande cha mbao. Vaa miwani na barakoa, vumbi la rangi ya chini ya boti ni sumu. Dakika kumi na tano umemaliza kitu ambacho ungekilalia siku nzima.

Tundu likiwa wazi tulia ulitazame, manake ni nafasi ya pekee ya kuona boti yako imejengwaje. Kama ukingo ni faibaglasi tupu kuanzia nje mpaka ndani, safi. Ukiona katikati kuna mbao nyepesi ya balsa au povu, chomeka kidole, ikiwa imelowa au nyeusi una kazi ya kwanza kabla ya fitingi. Chimba hiyo mbao sentimita mbili tatu kuzunguka tundu lote, acha pakauke kweli, jaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu, iliyokorogwa nzito, ikikauka toboa upya katikati yake. Kamwe usikaze fitingi juu ya balsa, inabonyea, silanti, ile gundi laini ya kuzibia maji, inaachia, maji yanasafiri ndani ya mwili wa boti.

Kibao cha kukazia tengeneza kwa plaiwudi ya baharini iliyolowekwa epoksi pande zote na kwenye matundu, au bora zaidi bapa la faibaglasi ngumu. Tumbo la boti limepinda na kitako cha koki kimenyooka, kwa hiyo kibao kikandikie epoksi nzito chini kijaze pengo. Halafu funga kila kitu kikavu kwanza bila silanti. Hii hatua usiiruke dada yangu. Shina likiwa refu linagota ndani ya koki kabla uyoga haujabana nje, na we utahisi limekaza kabisa kumbe nje kuna mwanya. Pima, kata kwa msumeno wa chuma, safisha meno kwa tupa, jaribu tena.

Silanti tumia ya poliyurethani au polisalfaidi, silikoni ya kawaida iache kwa ajili ya bafuni. Paka kwa wingi chini ya uyoga, kwenye shina na chini ya kitako. Funga koki na bolti zake ndani, halafu shina lisokotwe kutoka nje kwa ile spana ya ngazingazi inayoshika vile vinundu viwili vya ndani ya tundu. Unataka uone silanti inatoka pembeni kuzunguka duara zima bila kukatika, ukiona pengo toa uanze upya saa hiyohiyo ikiwa mbichi. Usiikamue yote ikaisha, ndiyo inayoziba. Muda wa kukauka soma kwenye kopo, zingine zinataka wiki nzima.

Hozi iwe ya kazi hiyo, yenye nguvu ndani, na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu kwenye kila mkia ulio mrefu wa kutosha kuzibeba, parafujo zake zikitazamana kinyume. Nunua zile ambazo hata parafujo ni ya chuma hichohicho, sumaku itakuambia kama kuna ujanja. Mkia mfupi usiulazimishe klipu ya pili, itaukata mpira ukingoni.

Swali: Za plastiki zinafaa chini ya maji?

Jibu: Zile za nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo zilizotengenezwa kwa kazi hii, ndiyo, nazipenda sana, hazishiki kutu na hazina habari na umeme wa majini unaokula vyuma. Plastiki nyeupe ya kawaida hapana. Tena hizo nyeupe angalia hata zilizo juu ya maji, jua linazikausha mpaka kichwa kinapasuka, na boti ikilala kwa upepo zile za ubavuni zinazama.

Swali: Kijana wangu, boti yangu ni ya mbao. Kila fitingi ya bronzi imefungwa waya wa kijani kwenda kwenye zinki. Sasa mbao kuzunguka koki imeota unga mweupe na imekuwa laini kama pamba. Silanti imeisha nguvu?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Silanti haina kosa hapa, ni ule waya. Zinki, kile kipande kinachofungwa boti makusudi kiliwe badala ya vyuma vingine, inailinda bronzi kwa umeme mdogo, na pale kwenye bronzi umeme huo unazalisha magadi makali ndani ya mbao iliyolowa, ndo huo unga mweupe, na magadi hayo yanayeyusha kile kinachoshikamanisha nyuzi za mbao. Kadiri zinki inavyokuwa nyingi ndivyo mbao inavyozidi kuliwa, na bronzi yenyewe inabaki inapendeza kabisa. Fitingi ya bronzi nzuri iliyokaa peke yake, haijagusana na chuma kingine, inaishi vizuri majini bila waya. Ningekuwa mimi ningeachanisha waya za koki hizo, ningepunguza zinki zibaki za kulinda shafti ya propela na vilivyo karibu nayo, ningeosha mbao kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na boti ikipanda ningetoa fitingi hizo zote nione mbao ya ndani. Iliyokuwa laini mpaka bisibisi inazama ikatwe iwekwe nyingine, epoksi haiwezi kuirudishia nguvu.

Swali: Boti yangu ina matundu kumi na moja! Mengine hata sijui ya nini. Naweza kuziba baadhi? Na nikishaishusha majini nakaguaje?

Jibu: Ziba, tena nitafurahi. Fuata kila hozi kwa mkono mpaka mwisho wake, chora ramani, sinki mbili zinaweza kutumia tundu moja, na tundu moja kubwa lenye kigawanyio linaweza kulisha injini na kuoshea deki. Kuziba si kusokota kizibo. Unasaga mteremko kuzunguka tundu wa 12 kwa 1, yaani kama ganda lina unene wa milimita 12 mteremko wako unatoka milimita 144 kila upande, unalaza faibaglasi na epoksi tabaka kwa tabaka, kila moja ikizidi kidogo ile ya kabla. Inaonekana eneo kubwa mno kwa tundu dogo, lakini kiraka kinashika kwa huo mteremko, kiraka kilichonyooka kama kizibo cha chupa kinaweza kusukumwa ndani.

Siku ya kushusha mwambie mwenye kreni akuache kwenye mikanda kwanza. Ingia ndani na tochi na karatasi laini za kufutia, koki zote zikiwa zimefungwa. Futa kila shina na kila kitako, kisha futa tena kwa karatasi mpya, macho yanadanganywa na mng'ao wa silanti lakini karatasi inaonyesha hata tone moja. Halafu fungua koki moja baada ya nyingine na ufute kwenye klipu za hozi. Rudi baada ya saa moja, rudi kabla ya kulala, rudi asubuhi. Kila koki ifungie kwa kamba kizibo chake cha mbao laini chenye umbo la koni kinachoingia kwenye tundu hilohilo, ukijaribishe kabla, maana kizibo kilichochanganyika kwenye droo moja na vingine vya saizi tofauti hukioni gizani maji yakiwa magotini. Ukiondoka kwenye boti funga zote isipokuwa za kutolea maji ya mvua ya dekini, na ufunguo wa injini utundike kwenye mpini wa koki ya injini, ili siku ya kuwasha mkono wako upite kwenye koki kwanza.